Nani amekula bata wako? Namna ya kumtambua mvamizi na kumzuia asirudi

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, masika yakielekea ukingoni, nilifungua banda langu hapa Rau, Moshi, nikakuta bata watatu wamelala chini, wawili hawana vichwa. Manyoya yalikuwa yametapakaa juu ya maranda, ila mlango ulikuwa umefungwa vilevile nilivyouacha jioni. Sikukagua chochote. Nilibeba mzoga mmoja nikaenda nao moja kwa moja kwa mzee jirani, kwa sababu mbwa wake nilishawahi kumwona akizungukazunguka uani kwangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akautazama ule mzoga, kisha akaniambia: "Mjukuu wangu, mbwa huyu tangu jana jioni yuko kwenye mnyororo. Halafu mbwa angepitaje kwenye mlango uliofungwa?"

Sikuwa na jibu. Baada ya siku tatu, nikiwa nimepoteza wengine wawili, ndipo nilipoona nyayo kwenye majivu na upenyo chini ya bati la paa. Alikuwa kanu, mnyama mdogo mwembamba wa usiku. Nilirudi kwa mzee kumwomba radhi, naye akanisamehe, lakini wale bata wawili wa mwisho wangekuwa hai leo kama ningetumia robo saa tu kuusoma mzoga kabla ya kumtafuta wa kumlaumu.

Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia kwenye mzoga, si kwenye wavu. Kila mvamizi ana mlango wake. Uzio unaomzuia mbwa haumsumbui kanu, na banda linalomshinda kanu linaweza kuwa kaburi la bata siafu wakipita. Ukijua uliyenaye, utatumia fedha zako mahali panapostahili.

Hatua ya kwanza: wahamishe walio hai leo hii

Usisubiri kujua kwanza. Mnyama aliyepata chakula kwako jana atarudi leo, na usiku unaofuata shambulio ndio wa hatari kuliko wote. Kabla jua halijazama wapeleke bata waliobaki stoo, jikoni au kwenye chumba chochote chenye kuta na mlango. Watachafua, ndiyo. Tandika magunia ya zamani na maranda, asubuhi utafagia.

Hatua ya pili: usome mzoga

Vaa glovu, au funga mikono kwa mifuko ya nailoni. Kabla ya kugusa kitu piga picha kwa simu: mzoga ulivyolala, manyoya yalipo, mlango, paa, matundu ya ukutani. Ukishafagia, ushahidi wote umekwenda.

Swali la kwanza ni hili: je, bata aliuawa, au alikufa mwenyewe halafu akaliwa? Wafugaji wengi huliruka, wakajenga ngome dhidi ya mnyama kumbe ndani wana ugonjwa au sumu. Namna ya kujua ni kuchuna ngozi kidogo pale penye jeraha. Kama chini ya ngozi kuna damu iliyovilia na nyama imepata rangi ya zambarau, aling'atwa akiwa hai. Kama jeraha ni kavu na nyama inayolizunguka ni safi, alikuwa amekwisha kufa. Ukikuta bata wawili watatu wamekufa bila jeraha lolote, acha kutafuta nyayo, mpigie afisa mifugo wa kata.

Baada ya hapo tazama kilicholiwa na kilichoachwa. Kichwa na shingo vimekwenda, kidari kimetafunwa, na waliokufa ni wengi kuliko walioliwa: fikiria kanu au jamaa zake. Bata wengi wametapakaa uani, wameng'atwa mgongoni na nyuma, na karibu hakuna aliyeliwa: mbwa. Manyoya yamelundikana mahali pamoja yakiwa yamenyonyolewa mazima, shina halijavunjika: ni ndege mla nyama. Mnyama wa miguu minne hutafuna manyoya, kwa hiyo utayakuta yamekatika na yameshikamana kwa mate. Na kama hakuna chochote, hakuna unyoya wala tone la damu, basi aliyechukua alimmeza au alimbeba mzima. Huyo ni mwewe kwa vifaranga, chatu au kenge kwa waliokaa karibu na maji, au mwizi wa miguu miwili. Mwizi huyo haachi manyoya, ila mara nyingi huacha kufuli lililovunjwa.

Ukimaliza, uzike mzoga kwenye shimo la kina cha kufika gotini au zaidi, ujaze udongo na uweke jiwe. Usiutupe migombani. Utakuwa umemwandalia mvamizi chakula cha jioni ya pili, tena karibu zaidi na mlango wako. Na tafadhali, usimle bata uliyemkuta amekufa, hata kama anaonekana mnono.

Hatua ya tatu: tandaza majivu

Hii ni njia ya zamani na bado sijaona inayoishinda kwa mtu asiye na kamera. Chekecha majivu ya jikoni, tandaza utepe wa upana wa hatua moja kuzunguka banda lote, na pakaze kidogo juu ya ukuta chini ya paa. Kama kunanyesha, tumia mchanga laini chini ya upenu. Nenda kasome alfajiri, kabla kuku hawajapitapita.

Mbwa huacha vidole vinne na alama za kucha mbele yake. Paka na kanu huacha alama za mviringo zisizo na kucha. Za kanu ni ndogo, na mara nyingi zinaelekea ukutani au kwenye nguzo kwa sababu yeye ni mpandaji. Nguchiro ana nyayo ndogo zenye kucha zinazoonekana. Kenge ndiye rahisi kuliko wote: kuna mstari wa mkia ulioburuzwa katikati ya nyayo. Ukiona kucha ndefu zimechimba mbali mbele ya vidole, na mbao zimeng'olewa, ni nyegere, na hapo kazi yako ni kubwa.

Wavamizi wa kwetu, mmoja mmoja

Kanu. Mwembamba, mwili wa madoa, mkia mrefu wenye pete. Anatembea usiku, anapanda mti na ukuta kama ngazi, na tundu linalopitisha ngumi yako linampitisha yeye bila shida. Akiingia ndani bata wakapiga kelele na kurukaruka, ataendelea kuua hata akishashiba. Vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vimejaa miti inayoegemea mapaa ya mabanda: mparachichi, mkuyu, mgomba wenyewe. Kata matawi yote yaliyo chini ya mita mbili kutoka kwenye paa. Kwangu hilo peke yake, pamoja na kuziba upenyo wa chini ya bati, lilimaliza tatizo.

Fungo naye hutembea usiku, ni mkubwa zaidi na mzito, lakini si mpandaji hodari. Hujulikana kwa kinyesi anachorundika mahali pamoja siku baada ya siku, kimejaa mbegu za matunda. Yeye huhitaji mlango uliolegea au ukuta mbovu.

Nguchiro wapo wa aina kadhaa. Yule mwembamba mwenye ncha nyeusi ya mkia hufanya kazi mchana kweupe, tena hasa saa ambazo watu wako shamba. Hupenda mayai na vifaranga. Yai akiona gumu hulirusha kwa nyuma likagonge jiwe au ukuta mpaka lipasuke, kwa hiyo tafuta maganda karibu na mawe. Yupo pia nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe, ambaye ni wa usiku na anaweza kumuua bata mzima. Watu wakiniambia "ni nguchiro", huwa nawauliza kwanza: saa ngapi?

Mwewe na kipanga. Mwewe wa mjini Moshi huzunguka juu ya masoko na machinjio, na kifaranga wa siku tatu kwake ni sawa na kipande cha utumbo. Bata wenyewe humwona kabla yako. Bata anayeinamisha kichwa upande na kuelekeza jicho moja juu, ametulia tuli, ana sababu, tazama anakotazama. Kunguru mwenye kifua cheupe hufuata mayai na vifaranga vidogo, na akishajua kiota kilipo hatasahau. Dawa ni kuwafunika vifaranga chini ya tenga au wavu kwa wiki nne za kwanza, na baadaye kuwapa kivuli cha migomba badala ya uwanja mtupu. CD zinazong'aa na mifuko inayopepea husaidia siku chache, halafu ndege huzizoea. Kama unazitumia, zihamishe kila baada ya siku mbili.

Hapa nimtetee bundi. Kuna watu wakimsikia juu ya banda usiku humrushia mawe, na asubuhi bata akikosekana hukumu inakuwa imeshatolewa. Yule bundi wa uso mweupe anayekaa kwenye mapaa hana uzito wa kumbeba bata mkubwa. Chakula chake ni panya, na panya ni adui yako. Bundi wakubwa wenye manyoya kama masikio wanaweza kuchukua kifaranga aliyelala nje, lakini kifaranga hatakiwi kulala nje. Mwache bundi afanye kazi yake.

Panya na panya buku huingia kwa kuchimba au kutafuna. Vifaranga hupotea mmoja mmoja, au hukutwa wameng'atwa miguu, na mara nyingine mzoga umevutwa nusu ndani ya shimo. Wanakuja kwa ajili ya chakula kwanza, kwa hiyo ondoa pumba na mabaki kila jioni. Bata wakubwa wanaweza kukaa usiku bila chakula, wala hawatadhurika.

Kenge hukaa kandokando ya mito na mifereji. Mayai yakipotea bila hata kipande cha ganda, mfikirie yeye au nyoka. Usimkamate kwa mkono, mkia wake ni fimbo na meno yake huleta kidonda kibaya. Chatu naye humeza bata mzima, kisha hushindwa kutoka kwenye tundu aliloingilia kwa sababu ya tumbo. Ukimkuta amejikunja kwenye kona, funga mlango, weka watoto mbali na uite wahusika.

Mbwa na paka wa mitaani sina mengi ya kusema juu yao zaidi ya haya: mbwa huzuiwa na uzio imara na mazungumzo na mwenye mbwa, tena mazungumzo yenye picha mkononi. Ukishindwana naye, nenda kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa. Paka mara nyingi huchukua vifaranga tu, na tenga linamtosha.

Siafu

Hawa nawaweka peke yao kwa sababu wanageuza kila kitu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, mvua zinapoanza na zinapokatika, msafara wa siafu unaweza kupita bandani usiku wa manane. Bata aliye huru huondoka. Bata aliyefungiwa, na hasa mama anayeatamia ambaye hataki kuacha mayai, huliwa akiwa hai. Asubuhi unamkuta mzima kwa nje, wadudu wamejaa machoni na puani. Ni kifo ambacho hutaki kukiona mara mbili.

Kama banda lako lina miguu, simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, na ulifunike kopo kwa juu ili mvua isilijaze wala bata wasiinywe. Hakikisha hakuna jani, kamba wala ubao unaogusa banda kutoka chini, kwa sababu siafu wanahitaji daraja moja tu. Kama banda limekaa ardhini, mwaga utepe mnene wa majivu makavu kulizunguka na uutengeneze upya kila baada ya mvua. Mafuta ya taa yanawageuza njia, lakini yamwage nje, mbali na maranda, na usiwashe moto. Msimu wa mvua amka mara moja usiku ukamulike kwa tochi. Ukisikia bata wanapiga kelele na kukanyagakanyaga bila kutulia, usiseme ni ndoto zao: toka. Siafu wakishaingia usipigane nao. Fungua mlango, watoe bata, wakung'ute, wapeleke kwingine. Msafara utapita.

Hatua ya nne: banda

Wavu wa kuku ule mwembamba wa matundu makubwa humzuia bata asitoke. Haumzuii mnyama asiingie. Mbwa huurarua, na mkono wa kanu hupita. Sehemu zote za wazi ziweke weldimeshi ya matundu ya nusu inchi. Kama fedha haitoshi, funika nusu mita ya chini na mapengo yote ya juu kwa weldimeshi, na katikati weka mbao.

Kwa wachimbaji, usihangaike na msingi mrefu. Laza wavu chini kuelekea nje, upana wa sentimita 50 hivi, uushikize kwenye ukuta, uufukie kwa udongo kidogo na mawe. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukutani, anakutana na wavu, na hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanze upya.

Mlango ufunge kwa komeo na kufuli. Kulabu ya waya iliyolegea hufunguka ukisukumwa. Upenyo wa kupitisha hewa uwe juu, maana bata hutoa unyevu mwingi, lakini nao uwe na wavu. Sakafu ya saruji ni bora. Tandika maranda au pumba za mpunga kutoka Mabogini, ubadilishe zinapolowa.

Hatua ya tano: jioni

Kuku hurudi bandani mwenyewe giza likiingia. Bata hana habari hiyo. Atabaki kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji ya shamba, au amelala kwenye nyasi kandokando ya mto, na wanyama wa usiku wanalijua hilo. Mfundishe kwa sauti. Kila jioni saa kumi na mbili kasoro, gonga debe lilelile na umwage chakula kidogo mbele ya banda. Ndani ya wiki mbili watakuja mbio kabla hujamaliza kugonga. Wahesabu wakiingia, kila siku, hata siku umechoka. Asubuhi usiwaharakishe: wengi hutaga alfajiri, kwa hiyo ukiwafungulia saa mbili asubuhi utakuta mayai ndani, badala ya kuwagawia kunguru na nguchiro vichakani.

Bata wetu wengi ni wale wenye uso mwekundu wa vinundu, ambao majike wao huatamia siku 35. Ni siku nyingi za kukaa chini bila kusogea. Jike akijificha kichakani, usimwache huko kwa kusema anajua mwenyewe. Usiku, kwa mwanga hafifu, mbebe yeye na mayai yake umweke kwenye kiboksi ndani ya banda. Wengine hukubali, wengine hususa. Bora ususaji wa mayai kuliko kumkosa mama.

Mambo ya kutofanya

Usitege sumu. Dawa ya wadudu iliyopakwa kwenye nyama haichagui: itamuua mbwa wa jirani, paka wa nyumbani, bundi anayekulia panya, na inaweza kumuua mtoto. Usiue mnyamapori kwa hasira pia. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila kibali ni kosa. Kama nyegere, chatu au mnyama mwingine mkubwa amekuzoea, toa taarifa serikali ya mtaa na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ambao wanajua namna ya kuwafikia watu wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA.

Mnyama anayekuja mchana bila woga, anayeyumba au kutoa mate, usimsogelee hata kwa fimbo ndefu. Kichaa cha mbwa kipo. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona kama ataumwa, maana dalili zikishatokea tiba haipo tena.

Aliyejeruhiwa

Bata ni mvumilivu kuliko anavyoonekana. Kama damu inatoka, bana kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila kuchungulia. Chemsha maji, yapoe, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja, osha jeraha na uondoe manyoya yaliyoingia ndani. Mweke peke yake kwenye boksi lenye giza na joto, na maji ya kunywa karibu. Kidimbwi asiguse mpaka kidonda kikauke. Mzuie nzi kabisa. Wakitaga kwenye jeraha funza huonekana siku inayofuata. Jeraha la meno ya paka au kanu huonekana dogo juu huku ndani limeoza, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo mapema, na usimpe vidonge vya binadamu kwa kukisia.

Akipona, usimrudishe ghafla katikati ya wenzake. Mweke nyuma ya wavu mahali wanapoonana kwa siku tatu nne, kisha mwachie jioni wakati wa kula, debe likigongwa, wakiwa wote wameinamisha vichwa kwenye pumba.